Mtori wa Haika kwenye kikombe cha kahawa

Jumapili, mwezi wa saba. Baridi ya Julai imeingia mpaka kwenye soksi. Mlima ulichungulia jana jioni kidogo, leo umejifunika tena. Na mimi nimejifunika blanketi la kijivu hapa Pasua, kila mtu na shida zake.

Shajara yangu, leo nakuandikia na vidole vyeusi. Sababu utaijua, ila ngoja nianze na jana.

Mnaonisoma humu kwenye blogu mmezoea kucheka. Mnakumbuka habari ya yule jogoo niliyemuuza mara mbili kwa mtu yule yule. Mnakumbuka zile chaja zangu zilizokuwa zinachaji simu ikilala kifudifudi tu. Shule niliishia la saba, na hata hilo la saba nadhani mwalimu alichoka kuniona. Mdomo ndio shule yangu. Mdomo uliniletea wateja, mdomo uliniletea mke.

Jana mdomo umemwondoa.

Jana nilikula Shanty Town. Kama wewe si wa Moshi, jina lisikudanganye. Kule nyumba zimejificha nyuma ya miti, na mbwa wana daktari wao. Mimi huwa naingia kwa mlango wa nyuma na mikungu ya ndizi begani. Jana niliingia kwa mlango wa mbele na koti la mtumba kutoka soko la Memorial, koti la kijivu lenye kifungo kimoja cha dhahabu na viwili vya kawaida.

Mwenye nyumba ni Madam Bhavna. Familia yao iko Moshi tangu babu yake, wana duka la vifaa vya ujenzi mjini. Yeye mwenyewe hataki habari za misumari, anapenda kupika. Tangu mwezi wa nne anafungua sebule yake Jumamosi moja moja, anapanga meza moja ndefu, wanakuja watu ishirini hivi wasiojuana, wanakunywa kokteli bustanini halafu wanakaa kula chakula cha huku kwetu kilichovalishwa suti. Wenyewe wanaita sapa klabu. Ndizi zote za hiyo sapa klabu naleta mimi.

Wiki iliyopita akaniambia, "Godi bwana, mtu anayelisha meza yangu hajawahi kukaa kwenye meza yangu. Jumamosi njoo. Njoo na mke wako."

Nikasema ndiyo madam, asante madam. Sikumwambia kwamba mke wangu Haika yuko kwao Tarakea tangu mwezi wa tano.

Nikapiga simu Tarakea. Nikamwambia Haika nimealikwa mahali watu wanakula kwa uma mbili, na mimi peke yangu nitamchoma mtu. Nikaitazama simu nikidhani salio limekwisha. Halafu akasema, "Nitakuja."

Yaani nilivyofurahi. Nilifua mashuka. Nilinunua pazia la bluu. Nilisimama mbele ya kioo nikajifunza maneno ya kumwomba arudi, nikajikuta nacheka mwenyewe katikati ya maneno, nikaanza upya, nikacheka tena. Ndivyo nilivyo. Ndiyo shida yenyewe.

Sasa niseme lile ambalo sijawahi kuliandika humu.

Mwezi wa tatu mwishoni, Haika alijifungua. Mtoto wa kike. Kwetu msichana wa kwanza anachukua jina la mama wa baba, basi tukampa jina la marehemu mama yangu, Ndeonasia. Tukalifupisha likawa Nasia. Mtaa mzima hapa wakaanza kuniita Baba Nasia. Nikienda kununua mkate, Baba Nasia. Nikipita kwa fundi viatu, Baba Nasia. Siku sita.

Siku ya saba hakuamka.

Tulimzika Uru, kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo, chini ya migomba, pembeni ya mama yangu aliyempa jina. Mvua ilikuwa inanyesha kama imetumwa. Tuliporudi Pasua watu walishaanza kuniita Godi. Hakuna aliyewaambia. Waliacha tu, nadhani kwa huruma, na mimi nikaitika.

Humu kwenye blogu wiki ile niliandika habari ya mbuzi aliyekula kitambulisho cha jirani. Mlicheka sana. Nilisoma maoni yenu yote.

Sasa ngoja nieleze ndizi, maana bila ndizi hutaelewa jana.

Kwetu mwanamke akijifungua anaitwa mzazi, na mzazi ana haki zake. Anakaa ndani miezi mitatu, hagusi jembe, hagusi maji ya baridi. Asubuhi mtori, jioni mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama iliyopondwa mpaka ikawa laini. Kupika wanapika wanawake. Mume ana kazi moja tu, kuhakikisha ndizi hazikatiki, na si ndizi yoyote. Iwe mchare, ile nyembamba inayoiva haraka jikoni.

Mimi ndiye muuza ndizi. Ningeshindwaje? Miezi miwili kabla Haika hajajifungua nilipanda Uru kwa shangazi, nikazunguka kihamba chote nikichagua migomba kama mtu anachagua ng'ombe wa mahari. Nikatia alama mikungu mitatu. Nikaileta nyumbani wiki aliyojifungua, nikaitundika jikoni, kijani, minene, hata wenzangu wa sokoni walikuja kuitazama. Haika alikuwa anaichungulia kutoka kitandani anasema, "Hizi zangu zote?" Namwambia zako zote, na ukimaliza naleta mingine, mpaka ushindwe kupita mlangoni.

Tuliporudi kutoka kuzika, mikungu ilikuwa bado pale. Haikuguswa hata nusu. Haika akaingia kulala. Mimi nikakaa jikoni, mimi na ndizi tunaangaliana.

Simu ikaita. Mwanamke simjui, amepewa namba yangu sokoni, anataka mchare nzuri ya haraka kwa ajili ya wageni wake wa kwanza. Alikuwa Madam Bhavna.

Sikuwa na shida ya hela siku ile, Mungu ananijua. Niliuza kwa sababu zilikuwa zinaniangalia. Na kwa sababu mkono wangu umezoea, ndizi ikikaa siku tatu mkono wenyewe unaanza kutafuta mteja. Nilizitoa kwa mlango wa nyuma Haika amelala. Alipoamka akauliza. Nikamwambia nimewapa watu waliokuja kwenye msiba.

Kesho yake akafika mama yake kutoka Tarakea, mikono imejaa mboga na siagi. Nikamwamkia shikamoo mama, akaitikia, akaingia jikoni moja kwa moja. Akatoka. "Ndizi za mzazi ziko wapi?"

Nikarudia uongo ule ule.

 Akasema, "Baba, mzazi ni mzazi hata kama mikono yake mitupu." Akampikia uji. Mwezi uliofuata akamchukua, na akawa ananipigia kuniambia maendeleo. Jambo moja lilikuwa linamshinda. Akimpikia mtori, Haika hagusi. Anageukia ukutani anasema, "Mtori wangu ulipotea."

Hayo ndiyo niliyoyabeba jana ndani ya koti la mtumba.

Haika alishuka kwenye bodaboda saa kumi na mbili jioni, pale getini kwa madam. Amevaa gauni la kitenge la kijani ambalo sikuwahi kumwona nalo, amesuka nywele upya. Na begi la bluu kubwa. Akampa mlinzi amtunzie.

Nikamwambia, "Umekuja kula au umehama?"

Akatabasamu. Shajara, akatabasamu, la kwanza tangu mwezi wa tatu. "Tutaona," akasema.

Nikajiambia humo ndani ni maharage ya mama yake. Mimi na akili yangu.

Bustanini tukapewa kokteli. Zina majina yake, yameandikwa kwenye kikaratasi. Yangu ilikuwa mbege. Mbege kabisa, pombe ya ndizi ya babu zetu, ila imechujwa mpaka imesahau kwao, imetiwa pasheni na barafu moja kubwa kama tofali, na jani pembeni. Nilikula jani. Haika akaninong'oneza, "Hilo ni la kunusa." Nikamwambia limeshanuswa na tumbo. Akacheka mpaka akashika mkono wangu. Mlima ukatoa kichwa muda ule, theluji ikawa na rangi ya papai, watu wote wakanyanyua simu. Mimi sikunyanyua. Nilikuwa naangalia mkono wangu na wake juu.

Kama ningekufa pale, ningekufa tajiri.

Tukaingia mezani. Sahani kubwa kama ungo, vitambaa vimekunjwa kama ndege, mishumaa. Tukawekwa katikati. Mbele yetu daktari mmoja mzee mchangamfu na mkewe, wametoka Arusha. Wakawa wanatuuliza habari zetu kwa upole tu, tunafanya kazi gani, tunakaa wapi. Nikawachekesha. Nikawaambia mimi ni mkurugenzi wa ndizi, ofisi yangu ina magurudumu mawili. Upande wote ule wa meza ukawa unanisikiliza. Mnanijua mimi nikipata watu.

Halafu mke wa daktari akamgeukia Haika, akauliza kama mtu yeyote anavyouliza, "Na watoto mnao wangapi?"

Haika akafungua mdomo.

Mimi nikawahi. "Bado tuko mazoezini mama, ligi haijaanza."

Meza ikaangua kicheko. Daktari akagonga meza, akaniambia nisichelewe kusajili. Na mimi nikacheka nao, tena nikapokea, nikasema kocha ndiye mkali.

Haika akafunga mdomo wake. Akachukua kile kitambaa kilichokunjwa kama ndege, akakikunjua taratibu, akakilaza mapajani. Nilimwona. Nataka niandike wazi kwamba nilimwona, nisije nikajidanganya kesho kwamba sikuona. Nilimwona nikaendelea kucheka, kwa sababu watu walikuwa wanacheka, na mimi kicheko kikishaanza sijui breki iko wapi.

Hapo ndipo chakula cha kwanza kikaja. Kikombe kidogo cha kahawa kwa kila mtu, juu ya kisahani, na jani la giligilani juu. Harufu ikanifikia kabla ya kikombe.

Mtori.

 Nikamwinamia Haika, "Kama hutaki, niachie, nitasema tumbo." 

Madam Bhavna akasimama kwenye kichwa cha meza, ana glasi yake mkononi, ana furaha. Akasema huu ni mtori, chakula anachopikiwa mwanamke wa Kichaga akijifungua. Akasema jikoni kwake ulianza kwa bahati. Alipofungua mara ya kwanza mwezi wa nne hakuwa na mpango wa mtori kabisa. "Lakini Godi huyu hapa akaniletea mikungu mitatu ya mchare ambayo sijaona maishani mwangu. Nilipoiona nikasema menyu yote nabadilisha. Godi, simama watu wakuone."

Watu wakapiga makofi.

Nikasimama. Sikujua la kufanya, nikasimama. Kifungo cha dhahabu kinang'aa.

Haika naye alikuwa anapiga makofi, mara mbili tatu hivi, halafu mikono ikabaki imeshikana. Akauliza, sauti ya kawaida kabisa ya mtu anayeuliza njia, "Madam, hiyo mikungu mitatu ilikuwa wiki gani?"

"Wiki ya kwanza ya mwezi wa nne, dada. Nakumbuka kwa sababu mvua ilikuwa kubwa sana, nikamwonea huruma anavyolowana."

"Asante," akasema Haika.

Nikakaa. Nikasema, "Haika." Akasema, "Ngoja nile."

Akashika kikombe kwa mikono miwili, hakuchukua kijiko. Akanywa wote. Taratibu, funda kwa funda, kama mtu anayekunywa dawa aliyoandikiwa. Akaweka chini. Akamwita dada mmoja anayehudumia, akamwomba kikombe kingine. Kikaja, akanywa. Akavuta changu, sikuwa nimegusa. Akanywa na hicho.

Watu walikuwa wanaongea mambo yao, wanapiga picha vikombe. Mimi nilikuwa naona mke wangu anakula uzazi wake, miezi mitatu kwa vikombe vitatu vya kahawa, katikati ya watu wasiomjua, na mimi nimekaa pembeni kama mgeni.

Alipomaliza akafuta mdomo. Akamwangalia yule mama wa Arusha.

"Mama, uliniuliza watoto. Ninaye mmoja. Anaitwa Nasia. Alikaa siku sita, tukamzika Uru. Ndizi hizi zilikuwa zangu."

Hakulia. Angelia ingekuwa nafuu, ningepata la kufanya na mikono yangu.

Yule mama akainuka, akazunguka meza yote, akaja akamshika mabega kwa nyuma. Daktari akatazama sahani.  Madam Bhavna akaweka glasi yake chini, uso umekufa rangi. Maskini, yeye kosa lake ni kunisifia.

Haika akaomba radhi kwa meza, akatoka. Nikamfuata.

Getini mlinzi akamkabidhi begi, akaona nyuso zetu, akajifanya anakagua taa.

Nikasema, "Haika, nilikosa, sikiliza..."

"Begi hili nilikuwa narudi nalo nyumbani," akasema.

Nikalitazama lile begi. 

Akasema, "Unaona gauni hili? Nililishonesha kwa ajili ya ubatizo wa Nasia. Nikasema leo nilivae, nianze upya na mume wangu." Akatazama lile gauni kama ndio analiona. "Sikuondoka kwa sababu ya mtoto kufa, Godi. Mtoto alitufia wote wawili. Niliondoka kwa sababu kila nikimtaja unanichekesha. Na mimi nacheka, halafu naenda kulia bafuni. Ndizi ungeniambia umeuza. Ningekupigia kelele, siku mbili, yangeisha. Lakini ukaniambia umewapa waliokuja kumlilia, nikakushukuru. Unakumbuka nilikushukuru?"

Nakumbuka. Alinishukuru akiwa bado kitandani, akanishika kidole.

"Na leo nimekuja umemfuta mbele yangu, watu wakapiga makofi."

Nikamwambia nitakuja Tarakea, nitaongea na mama, nitaleta wazee.

"Usinifuate na maneno," akasema. "Maneno yako nayajua yote, mengine nilikufundisha mimi."

Bodaboda ikaja. Anakwenda kulala kwa dada yake, mtaa wa Majengo, asubuhi apande gari la Tarakea. Akapakata begi mapajani kama mtoto, wakaondoka. Taa nyekundu ikapinda pale kwenye miti.

Mlinzi akaniambia, "Kaka, ndani bado kuna nyama." Najua alitaka kunisaidia.

Sikurudi ndani. Madam Bhavna akaja mwenyewe mpaka getini na mfuko wenye chakula, macho yamejaa maji. "Godi, mimi sikujua." Nikamwambia ukweli, kwamba hakuna aliyejua madam, nilihakikisha. Nikashuka kwa miguu mpaka Pasua na lile koti. Chakula nilimpa mlinzi.

Basi ndiyo jana hiyo.

Leo nimeamka na kitu kimoja kichwani, kibaya. Miaka kumi na moja nauza ndizi. Mchare zilizopita mabegani mwangu zinaweza kufunika barabara kutoka hapa hadi Uru. Sijawahi kumenya hata moja ya kupika. Kazi ya wanawake, si ndivyo tunasema? Nilidhani kazi yangu iliishia kwenye kutundika. Kumbe hata kwenye kutundika nilishindwa.

Asubuhi nikaenda sokoni kama mteja. Wenzangu wakanicheka, Godi leo unanunua, dunia imeisha. Sikuwajibu kitu. Wakaacha kucheka wenyewe, mmoja akaniuliza kama naumwa. Nikachagua chane mbili za mchare, mwenzangu akazikata kwenye mkungu. Nikapita buchani nikachukua mifupa yenye nyama.

Nikamenya. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba unapaka mafuta mikononi kwanza, au unamenyea ndani ya maji. Utomvu umenishika vidole vyote kumi, nimesugua kwa limao, kwa mchanga, kwa mafuta ya taa, wapi. Ndiyo weusi niliokuambia mwanzo.

Sufuria ya kwanza imeungua. Nilikaa naiangalia nikifikiria mambo, moshi ukanikumbusha.

Jikoni kwangu dirisha linatazamana na dirisha la jirani yangu, Mama Sifa, anayepika vitumbua. Ni mtani wangu huyu mama, kila siku lazima tutukanane kidogo ndipo siku iende. Akachungulia.

"Godi, unapika au unafukuza mbu wa mtaa mzima?"

Siku nyingine ningemrudishia kumi. Nikamwambia, "Napika mtori."

"Mtori!" Akacheka. "Nani kajifungua humo ndani, paka?"

Shajara, jibu la kuchekesha lilikuja. Nilikuwa nalo hapa kwenye ulimi, zuri kabisa, lile la paka kuzaa na mimi kuwa shahidi. Nililisikia linavyosukuma meno.

Nikalimeza.

Nikasema, "Haika. Alijifungua mwezi wa tatu. Sikumpa mtori wake."

Nikasema na lile jina. Sijalitamka kwa sauti tangu Uru. Nikasema Nasia, na sauti ikanikatikia katikati, nikashika ukingo wa dirisha na vidole vyangu vyeusi, nikalia mbele ya Mama Sifa kama mtoto aliyepotea sokoni. Kumbe kilio cha miezi minne yote kilikuwa pale pale.

Mama Sifa hakucheka.  Aliondoka dirishani, nikadhani nimemkimbiza. Nikasikia anafungua kabati, anafunga.

Akarudi akaniuliza sufuria ya pili iko wapi, nianze na mifupa, ndizi nisizitie mpaka nyama iwe laini, na moto niupunguze, hapa sichomelei chuma. Akasimama pale dirishani ananiongoza mpaka zikaiva. Nikaponda kwa mwiko mpaka bega likauma. Kuna mabonge bado. Nimeonja. Si kama wa Madam Bhavna, na si kama wa marehemu mama. Ni mtori wa mtu ambaye hajui.

Kesho alfajiri nitapanda gari la Tarakea. Nimeazima chupa ya chai kubwa, nitaukoroga upya alfajiri, niutie wa moto. Nitamwamkia mama mkwe, nitaweka chupa chini, nitakaa. Akinifukuza nitaondoka. Asipougusa, basi. Sina maneno niliyoandaa, kioo nimekigeuzia ukutani. Njiani mtu akiniuliza watoto wangapi, na gari la Tarakea lazima mtu akuulize, nitasema mmoja. Sijui kama nitaweza kusema bila kulia. Watanitazama tu.

Sijui kama atarudi. Ningekuwa yeye nisingerudi.

Ila kuna hili la mwisho nataka nilikumbuke. Nilipokuwa nafunika ile sufuria, Mama Sifa akanyoosha mkono kupitia dirishani kwake mpaka kwangu, na kikopo cha siagi. Akasema mtori wa mzazi haukamiliki bila siagi.

"Pokea basi, Baba Nasia, mkono unachoka."